Dakika 20 za Kwenda Unguja

Kutoka Uwanja wa Ndege wa Julius Nyerere hadi ule wa Abeid Amani Karume ni kama kilomita 73 angani, na safari yenyewe haielekei mashariki kama wengi wanavyodhani. Ni kaskazini, karibu moja kwa moja. Ndege ndogo za injini moja, zile za abiria 12 au 13, hukimbia takriban kilomita 300 kwa saa. Piga hesabu: robo saa, ongeza kidogo ya kupaa na kutua. Tiketi ikasema dakika 20, nami nikampigia shangazi yangu wa Kikwajuni.

"Shikamoo shangazi. Kesho chai tunakunywa pamoja."

"Marahaba mwanangu. Ya asubuhi au ya jioni?"

Alijua. Tiketi haikusema lolote kuhusu Barabara ya Mandela. Ukitoka Mbezi Mwisho unaipata Ubungo, halafu mnagawana lami na malori ya bandarini hadi TAZARA. Pale Buguruni dereva wa bajaji alizima injini, akanunua karanga, akazimaliza, akaita muuzaji mwingine. Ndege ikatupita juu, magurudumu yameshushwa. "Yako hiyo?" akaniuliza, kwa huruma kabisa.

Uwanjani nikavua mkanda, nikavua viatu, nikavaa, kisha nikakutana na mzani. Si wa mizigo tu; ndege ndogo inataka kujua uzito wa kila kiumbe ili ikae sawa hewani. Mama aliyekuwa mbele yangu alipanda, karani akasoma kilo kwa sauti ya muadhini. Mama hakubabaika. "Andika," akasema, "ila toa kanga na viatu." Mimi nilisomwa, nikatazamwa, nikapangiwa kiti cha mbele kando ya rubani. Begi langu likaambiwa lisubiri ndege itakayofuata.

Tukakaa. Ndege yetu ilikuwa bado Unguja. Binamu yangu, aliyetoka nyumbani pamoja nami lakini akachagua boti, ambayo huvuka kwa kama saa mbili, akapiga simu: yuko Darajani, ananunua embe, je, nimeshatua?

Safari yenyewe ilikuwa tamu, sitaidhulumu. Kunduchi ikapita chini, Mbudya ikapita, maji yakageuka buluu, na nilipoanza kustarehe rubani akaanza kushuka. Ndiyo kwanza nilikuwa nimepata pa kuweka magoti. Tena hiyo ni ndefu: kule Scotland, kati ya visiwa vya Westray na Papa Westray, kuna safari ya ndege isiyofika kilomita 3, na upepo ukiwa mzuri haifiki dakika 2. Ningependa kujua wao mzani wao una foleni ya namna gani.

Kikwajuni nilifika mikono mitupu, zawadi za watu zikiwa bado Dar. Binamu alikuwa ameshaoga na kulala. Shangazi akaniwekea wali.

Basi ndugu msomaji, ukikaa Kipawa nenda uwanjani kwa miguu, ndege ni halali yako. Ukikaa Mbezi, wahi boti ya asubuhi.