Barua ya Wazi kwa Mamlaka Husika: Maombi ya Gawio la Chenga

Ndugu Mamlaka Husika,

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Nakuandikia wewe kwa sababu kila ofisi niliyoingia kuulizia jambo hili imenielekeza kwako. Sijawahi kukuona, ila nakusikia katika kila taarifa ya habari: umeombwa kuingilia kati, umetakiwa kutoa tamko, unalifanyia kazi. Kwa ratiba hiyo naamini hupati nafasi ya kukaa sebuleni ukatazama televisheni kwa antena, basi niruhusu nikupe hali halisi ya huku juu ya bati.

Mimi ni mkazi wa Mbagala. Nina televisheni moja, king'amuzi kimoja cha antena, na mlingoti wa bomba la maji uliofungwa kwa waya kwenye kona ya nyumba. Dishi sina. Kifurushi cha mwezi huwa nalipia mwezi ule ambao mwenye nyumba amesafiri.

Zanzibar walikuwa na televisheni ya rangi tangu miaka ya 1970. Sisi wa Bara tulisubiri mpaka 1994. Tukanunua seti, tukapandisha antena, tukazoea kumtuma mtoto nje akaizungushe huku mtu mzima akipiga kelele dirishani: "Hapo hapo! Rudi kidogo! Ah, umepitiliza!" Tarehe 31 Desemba 2012 mitambo ya analojia ikazimwa Dar es Salaam. Oktoba ya mwaka huo huo Uingereza nayo ilikuwa imemaliza kuzima ya kwao. Piga hesabu mwenyewe. Mwingereza, ambaye BBC ilianza kumrushia picha mwaka 1936, alikaa na analojia miaka 76; mimi nilikaa nayo 18; tukafika utepeni pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki nzima ilikuwa imejiwekea tarehe ile ile, lakini siku ilipofika majirani wakatuachia uwanja. Wakenya walipelekana mahakamani mpaka Mahakama ya Juu, wakaja kuzima 2015. Sisi tulipelekana Kariakoo, kununua ving'amuzi.

Sasa niingie kwenye madai.

Mwaka 2006 wakubwa wa nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati walikutana Geneva wakakubaliana kwamba ulinzi wa masafa ya analojia utakoma tarehe 17 Juni 2015. Sababu yao ilikuwa na akili. Kituo kimoja cha analojia kilikuwa kinakalia megahezi 8 peke yake, kimejinyoosha kama mgeni kwenye kochi. Katika megahezi 8 hizo hizo, mfumo wa dijitali tunaoutumia unaweza kubeba vituo kumi na tano na kuendelea. Vituo vikibanana, nafasi inabaki. Nafasi hiyo, kwanza masafa ya 790 hadi 862, kisha yale ya 694 hadi 790, ikatengwa kwa ajili ya simu, na wataalamu wakaipa jina la gawio la kidijitali. Hapa kwetu masafa ya 700 yalipigwa mnada mwaka 2018, kampuni zikatoa fedha, kila mtu akapiga makofi.

Nami nilipiga. Lakini nataka kujua, kwa heshima zote, gawio langu liko wapi.

Maana niliyekuwa naishi humo ni mimi na chenga zangu. Niliambiwa nihame kwa manufaa ya taifa. Anayehamishwa kupisha barabara hufanyiwa tathmini: mwembe wake unahesabiwa, kisima kinapimwa, hata choo cha shimo kinaandikwa kwenye fomu. Mimi niliyehamishwa kupisha intaneti ya simu sikuona fomu. Nilitakiwa ninunue makazi mapya, yaani king'amuzi, kwa fedha yangu, na leo nikiweka bando la intaneti nalipia kupita kwenye kiwanja changu cha zamani.

Usije ukasema mambo ndivyo yalivyo duniani kote. Marekani, walipozima analojia tarehe 12 Juni 2009, serikali iliwapa wananchi kuponi za dola 40 za kununulia ving'amuzi, mbili kwa kila kaya iliyoomba. Uingereza iliunda mpango wa kuwasaidia wazee na walemavu, fundi akaenda mpaka nyumbani. Mimi nilipewa elimu kwa umma. Naikumbuka vizuri, kwa sababu niliipata kupitia televisheni, ikinieleza kwamba karibuni sitaona televisheni.

Chenga zenyewe, Ndugu Mamlaka, tathmini yake isichukuliwe kirahisi. Analojia ilikuwa na huruma. Mvua ikinyesha picha inachafuka, mchezaji anakuwa na vivuli vitatu, lakini sauti inaendelea na mwenye macho mazuri anajua mpira uko wapi. Dijitali haijui nusu. Mawimbi yakishuka chini ya kiwango chake inakata moja kwa moja. Taifa Stars wanapata penalti, mpigaji anarudi hatua tatu, na hapo uso wake unageuka miraba ya rangi, kisha kioo kinakuwa cha bluu na kunitangazia kwamba hakuna mawimbi. Na hata yakiwepo, picha ya dijitali inachelewa sekunde kadhaa, maana ni lazima ibanwe kule mnarani na kufunguliwa huku ndani. Jirani yangu anasikiliza redio ya FM, ambayo bado ni analojia na hakuna aliyeifukuza. Huyo ndiye anayenijulisha matokeo, kupitia ukuta.

Nilikwenda dukani kutafuta dawa. Muuzaji akaniambia, "Mzee, antena yako ni ya analojia, hiyo haishiki. Chukua hii ya dijitali." Ilikuwa ni ile ile yangu, imepakwa rangi nyeusi na kubandikwa karatasi yenye picha ya satelaiti. Antena haijui dijitali wala analojia. Inajua masafa na upande ulipo mnara, basi. Kama ilikuwa inashika UHF mwaka 1996 na haijaoza, itashika leo. Nashangaa elimu kwa umma ilipita wapi ikaliruka jambo dogo hili, ambalo lingewaokolea watu fedha nyingi kuliko semina zote.

Antena yangu, kwa kweli, sina ugomvi nayo. Leseni za kurusha vituo kwa mkupuo zilitolewa kwa kampuni tatu, na hiyo antena inazipokea zote tatu bila kuuliza itikadi. Anayebagua ni king'amuzi. Kila kampuni ilileta chake, chenye kufuli lake, kwa hiyo mawimbi ya kampuni ya pili yanafika mpaka sebuleni kwangu, yanabisha hodi, yanaambiwa hayana kadi. Nina jamaa ambaye chini ya televisheni yake ving'amuzi vimepangwa kama matofali, kila kimoja na rimoti yake. Anamwita mwanawe wa kidato cha pili kila anapotaka kubadilisha chaneli.

Halafu kuna hili suala la bure. Vituo vya kitaifa vinavyotazamwa bila malipo, TBC1, ITV, Star TV, Channel Ten na EATV, vilitakiwa vionekane hata kifurushi kikiisha. Sheria nzuri, naiunga mkono. Agosti 2018 ikatumika kwa namna ambayo mpaka leo sijaimaliza: vituo hivyo vikaondolewa kwenye ving'amuzi vya dishi vya kulipia, kwa hoja kwamba leseni za wenye madishi haziwaruhusu kubeba vituo vya bure. Aliyelipa akanyimwa kwa sababu ni bure. Siku hizo niliheshimiwa sana mtaani. Watu wenye madishi makubwa walikuja kutazama taarifa ya habari kwangu, chini ya bomba la maji.

Ombi langu basi ni moja. Sitaki fedha taslimu; najua zina kazi nyingi. Naona kila mwaka mashirika yanavyokabidhi gawio kwa hundi kubwa ya mfano, inayoshikwa na watu wanne wakitabasamu. Naomba na mimi nikabidhiwe ya kwangu, bila hafla wala bendi. Ila isiwe ya turubai. Iwe ya bati la alumini. Masafa ya televisheni yaliyobaki, kati ya megahezi 470 na 694, urefu wa wimbi lake ni sentimita 43 hadi 64 hivi, kwa hiyo hundi ya mita moja kwa mita mbili, ikisimamishwa nyuma ya antena, itaakisi mawimbi vizuri sana. Kiasi cha fedha mnaweza kuandika chochote. Upande huo nitauelekeza kwa jirani mwenye redio.

Wako mtiifu,
Mtazamaji wa antena,
Juu ya bati, Mbagala.

Nakala: Fundi, kwa utekelezaji. Aje na ngazi.