Maillu Yupi?

Sisi wa Kinanie, Machakos, tunamhesabu mwandishi David Maillu kuwa mtu wetu. Alipozaliwa Kilungu mwaka 1939, huko kulikuwa Machakos. Makueni walipojitenga wakaondoka naye bila kutuuliza. Basi nikafunga safari kwenda kuona alikotoka, nimevaa shati la mikono mifupi. Huku kwetu ni vumbi na malori, na Maillu niliyemsoma ni wa baa na maofisi ya Nairobi. Nani angemdhania mtu wa baridi?

Pale Salama tuliiacha barabara ya Mombasa, tukaanza kupanda kuelekea Nunguni, kwenye baridi ya Kilungu, ndani ya Probox iliyojaa hadi kwenye buti, jogoo naye akiwa abiria. Upande mmoja mashamba ya matuta, upande wa pili hewa tupu. Begini nilikuwa na Broken Drum, riwaya yake ya mwaka 1991 yenye kurasa zaidi ya elfu moja, mali ya mjomba. Mlimani injini ikazima, gari likaanza kurudi nyuma.

"Jiwe! Weka jiwe!"

Makanga akaangaza macho, jiwe hakuliona. Akaliona begi langu. Na haki yake tumpe: gari lilisimama tuli. Wahakiki walimwita Maillu mwandishi mwepesi, ila hakuna aliyewahi kumweka chini ya gurudumu.

Nunguni nikauliza kwa kina Maillu ni wapi.

"Maillu yupi?" Kuna wa maparachichi, kuna wa ng'ombe wa gredi, kuna wa kanisani. Nikasema wangu ni yule aliyeandika After 4.30, kile cha mwaka 1974 cha mabosi na masekretari wao. Mama aliyekuwa akinichagulia maparachichi akasita. Tanzania ilipovipiga marufuku vitabu vya Maillu mwaka 1976, ilihitaji serikali nzima. Nunguni yalitosha macho ya mama huyu.

"Na wewe kijana umekisoma?"

"Hapana mama, nimesikia tu."

"Umesikia ukurasa gani?"

Wenzake wakaangua kicheko. Kisha akaniinamia, akashusha sauti. Nakala yake anayo, chini ya gunia la maharagwe, ila kurasa za mwisho zilichanwa na mtu ambaye hakutaka kumtaja. Nikimletea nakala nzima, atanipeleka mwenyewe hadi mlangoni kwa kina Maillu. Kwa leo, shilingi hamsini za maparachichi.