Sifa za Bosi Aliye Kikaoni

Washairi wa pwani waliusifu mnazi tangu mizizi hadi makuti. Wakasifu jahazi, wakasifu mke mwema, wakasifu hata tambuu. Mkurugenzi mtendaji asiyepatikana hakusifiwa na yeyote, na sababu naielewa: kila aliyetaka kumsifu alitaka kwanza amwone, na shughuli ikaishia hapo. Mimi nitamsifu bila kumsubiri. Tena nitamsifu kwa moyo mkunjufu, maana sidhani kama yupo mtu katika miji yetu anayesemwa vibaya na wengi hivyo huku akiwafaa wengi hivyo.

Tuanzie getini, kwa kuwa fadhila zake huanza kuonekana hapo. Mwenye shida na kampuni anafika asubuhi, bahasha ya kaki kwapani, viatu vimepigwa rangi. Ndani ya bahasha mna nakala za nakala. Mlinzi anamsogezea daftari la wageni lenye kalamu iliyofungwa kwa uzi, naye anajaza jina, anakotoka, anayekwenda kumwona, saa ya kuingia. Ukipata nafasi, pitisha jicho kwenye ile safu ya anayekwenda kumwona. Kurasa nzima ni cheo kile kile cha mkuu wa kampuni, kwa miandiko ya kila namna: wa mwalimu mstaafu, wa fundi seremala, wa wakili mwenye haraka. Hakuna hata mmoja wao aliyemwona. Sijui maktaba yoyote ya mjini yenye kitabu kilichojaa matumaini kiasi hicho, na kusoma ni bure, ukiacha kitambulisho tu.

Kisha hesabu wanaokula kwa sababu mtu huyu haonekani. Mlinzi wa getini. Mlinzi wa pili, ndani, anayeuliza yale yale aliyouliza wa kwanza. Binti wa mapokezi. Mtu wa masjala mwenye muhuri wa IMEPOKELEWA, anayeugonga juu ya barua yako kana kwamba kaona mende. Tarishi anayepeleka jalada juu, na tarishi anayelirudisha chini likiwa limeandikwa neno moja, "Tuzungumze". Mhudumu wa chai, kwa kuwa kikao kisicho na chai na sambusa si kikao. Bosi angefungua mlango mwenyewe akasema, "Karibu, una shida gani?", familia ngapi zingelala njaa? Wanauchumi wanatuandikia habari za ajira viwandani na mashambani. Hii ya kumzuia mtu asimfikie mtu hawaigusi, ilhali haingoji mvua wala umeme.

Katika hao wote, wa kuamkiwa kwanza ni katibu muhtasi. Vizazi vya makatibu wa Tanzania vilipitia Chuo cha Uhazili Tabora, wakafundishwa hatimkato, kupiga chapa, kupanga majalada na kutunza siri. Hatimkato imekwenda zake na taipureta zimekuwa mapambo ya kabatini, lakini siri imebaki, na siri kubwa kuliko zote ni mahali alipo bosi saa hii.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Mkubwa yupo?"

"Yupo, ila yuko kikaoni."

"Kitakwisha saa ngapi?"

"Hicho ni cha bodi, mzee wangu. Hakina saa."

"Basi nitasubiri."

"Karibu ukae. Ila kikiisha tu ana safari ya Dodoma."

Tazama ustadi huo. Mzee ameamkiwa, amekaribishwa, amepewa kiti na amefukuzwa, na hajasikia neno la kumkataa wala uongo wa kushikika. Mabalozi husomea jambo hili miaka mingi na wengine hawalipati. Hata saa saba, dereva atakapopita na mkoba wa bosi kuelekea lifti ya nyuma, mzee hatakuwa na wa kumlaumu. Habari za safari aliambiwa.

Hata hivyo wakubwa wetu, kwa kipimo cha dunia, bado ni wanagenzi. Gwiji wa fani hii alikuwa Howard Hughes, tajiri wa Marekani wa ndege, filamu na vifaa vya kuchimbia mafuta. Mwishoni mwa 1966 alihamia Las Vegas, akachukua ghorofa mbili za juu za hoteli ya Desert Inn, akaziba madirisha, akatulia. Mwaka mpya ulipokaribia wenye hoteli wakamtaka atoke, maana vyumba vile walikuwa wakiwawekea wacheza kamari wenye fedha nzito. Mpangaji mwingine angefunga mizigo. Hughes akainunua hoteli, mwaka 1967, na suala la kuhama likafa lenyewe. Akaendelea kununua hoteli na kasino nyingine za mji ule huku yeye akiwa juu, gizani, kwa muda wa miaka minne hivi.

Shughuli zake za Nevada zilisimamiwa na Robert Maheu. Huyu ndiye aliyejadiliana na wauzaji, aliyekutana na wanasiasa, aliyekuwa sura ya Hughes mbele ya walimwengu. Aliwasiliana na bosi wake kwa simu na kwa vikaratasi, miaka zaidi ya kumi, na hawakukaa uso kwa uso hata siku moja. Nakuomba uitafakari hiyo kidogo. Sisi tunalia kwamba mteja hamwoni mkurugenzi. Pale hata mtu wake wa mkono wa kulia hakumwona. Novemba 1970 Hughes akatolewa hotelini kimya kimya na kupelekwa Bahamas. Maheu hakuwa na habari, na muda mfupi baadaye hakuwa na kazi.

Mahakama nazo zilionja. Shirika la ndege la TWA, ambalo awali lilikuwa mikononi mwa Hughes, lilifungua kesi dhidi yake mwaka 1961. Akatakiwa afike ahojiwe na mawakili, hakutokea. Kwa kutotokea huko upande wake ukahukumiwa kushindwa, na fidia ikawa ya mamilioni kwa mamilioni ya dola. Kesi ikapanda ngazi hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 1973 mahakama hiyo ikaifuta hukumu. Subira yavuta heri, walisema wahenga, wakasahau kutaja inamvutia nani.

Alipoibuka, Januari 1972, aliibuka sauti tupu. Waandishi wa habari saba waliokuwa wamemfahamu zamani walikaa chumba kimoja Los Angeles wakizungumza naye kwa simu, wakimtega kwa maswali ya ndege zake za ujanani ili wajue kama kweli ni yeye. Alikuwa anakikana kitabu cha maisha yake ambacho Clifford Irving alikiandika akidai wamekaa na Hughes wakasimuliana. Irving alithubutu kughushi kwa sababu aliamini mwenye maisha yale hatajitokeza. Kumbe bosi asiyeonekana anawapa riziki hata waongo.

Wapo waliodhani mashine itatusogeza karibu. Almon Strowger, mfanyabiashara wa mazishi huko Kansas City, inasimuliwa kwamba alichoshwa na opereta wa simu aliyekuwa akiwaunganisha wafiwa na mshindani wake. Akabuni swichi ya kuunganisha simu bila mkono wa mtu, akapewa hataza mwaka 1891. Mtu wa katikati ameondoka kweli, Mungu amrehemu: leo unabonyeza 1 kwa Kiswahili, 3 kwa malipo, 9 kurudia tangu mwanzo, na hupati hata wa kumwambia shikamoo. Mwenye kiwanda mmoja wa Marekani, Alfred Levy, akaongeza tumbuizo. Waya uliolegea kiwandani kwake uligusa nguzo ya chuma, jengo likanasa matangazo ya redio ya jirani, na waliokuwa wakisubiri kwenye simu wakasikia nyimbo. Naye akalipatia jambo hilo hataza mwaka 1966. Mimi binafsi naupenda ule muziki, na zaidi naipenda ile sauti laini inayoukatiza kila baada ya muda kunieleza kwamba simu yangu ni muhimu sana kwao. Nyumbani kwangu sijaambiwa hivyo siku nyingi.

Haifai kusifu fani bila kuwataja walioichafua. Jeff Bezos, alipokuwa akiiongoza Amazon, aliacha anwani yake ya baruapepe ijulikane kwa wateja. Malalamiko yakimgusa, aliyatuma kwa wasaidizi wake akiwa ameongeza alama moja tu, ya kuuliza, nao wakaacha kila kitu wakakimbizana kutafuta jibu. Watu wazima, wenye shahada, wanatokwa jasho kwa sababu ya alama ya kuuliza! Jirani zetu wa Nairobi nao walikuwa na Bob Collymore, aliyeiongoza Safaricom tangu 2010 hadi alipofariki 2019, ambaye alikuwa na mazoea ya kuwajibu wateja mwenyewe kwenye Twitter. Sijui waliokuwa chini yake walikuwa wakilala vipi. Masultani wa Unguja walikuwa na udhaifu huo huo wa kukaa barazani: wenye haja wakaingia, kahawa ikapita, shida ikasemwa mbele ya mwenye mamlaka. Mtu mwenye majeshi na forodha alionekana na raia. Leo mwenye kiwanda cha magodoro haonekani. Msiniambie nchi haziendelei.

Lakini sifa zote hizo ni chumvi tu. Chakula chenyewe ni hiki: bosi asiyepatikana ndiye anayetutunzia imani. Kaa kwenye benchi lolote la mapokezi, sikiliza wanavyozungumza. Utasikia kwamba hawa wa dirishani ni wababaishaji, meneja wa tawi ana dharau, yule wa madai hana utu. Lakini bosi mwenyewe, tena msemaji hupunguza sauti, bosi mwenyewe ni mtu mzuri. Hajui tu. Wanamficha. Siku akijua, utaona watakavyokimbizana. Nimeyasikia maneno hayo benki, bandarini, hospitalini na kwenye ofisi za maji, kutoka kwa watu ambao hawamjui bosi kwa sura wala kwa jina la kati. Kila taasisi, hata iliyooza, ina mtu mmoja mwema ndani yake, naye ni yule ambaye hatujamwona. Ukiniuliza ni huduma gani kampuni inatupa bila kutudai ada, nitakwambia ni hiyo.

Jirani yangu mmoja aliipoteza imani hiyo. Alikuwa na madai ya gari lililogongwa, amezungushwa mpaka amejulikana kwa jina na muuza kahawa wa nje ya jengo. Siku moja kwa bahati mbaya akapanda lifti isiyo yake, mlango ukafunguka, akajikuta na bosi ana kwa ana. Bosi hakufoka. Alimkalisha, akamwagizia chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa kwa huruma, akasema huu ni uzembe wa hali ya juu. Kisha akainua simu: "Nakuletea mzee wangu mmoja, mshughulikie." Jirani akashuka akiwa mwepesi kama kijana. Aliyepigiwa simu alikuwa ndiye kijana wa dirisha la madai, yule yule aliyekuwa akimzungusha, na kijana akamwomba kwa adabu alete nakala nyingine tatu. Tangu siku ile jirani yangu hana wa kumtumainia kwenye kampuni ile. Zamani alikuwa na kisa chenye shujaa ambaye bado hajafika. Sasa ana gari bovu. Anasema afadhali angeshuka ghorofa ya chini.

Ndiyo maana naiogopa Wiki ya Huduma kwa Wateja, ile ya kila Oktoba, ambapo wakubwa hushushwa ghorofani, wakavishwa fulana za rangi ya kampuni na kusimamishwa kaunta kati ya maputo. Mwaka mmoja nilikuwa kwenye foleni ya kampuni ya bima siku kama hiyo. Mkurugenzi akatoka kwenye lifti, kijana kwa umri na mpole wa sura, mpiga picha akitembea kinyumenyume mbele yake. Keki ikakatwa, watu wakapiga makofi. Mama mmoja aliyejitanda kanga, bahasha ya kaki mkononi, akapenya baina ya maputo mpaka mbele.

"Shikamoo mama," mkurugenzi akasema.

"Marahaba baba. Nafuatilia mafao ya marehemu mume wangu. Mwaka wa pili huu."

"Pole sana, mama yangu. Sasa mbona hukuja kwangu moja kwa moja? Ofisi yangu iko wazi saa zote."

"Nije lini, baba?"

Mkurugenzi akageuka kumtazama katibu muhtasi. Katibu muhtasi akampa mama kipande kingine cha keki.