Gitaa la Bega Moja

Gitaa la umeme Mji Mkongwe huchaguliwa kama kanga: kwa rangi, na kwa vile jirani atakavyoona. Ndiyo maana Les Paul, iliyotoka 1952 na mkato wake mmoja kando ya shingo, ingali na wapenzi, ingawa shingo yake huungana na mwili karibu na freti ya 16 kati ya 22, na kisigino kinene hukingoja kiganja pale pale solo inapoanza kunoga. Umbo la SG, la 1961, lilikatwa pande mbili na kupunguzwa unene. Vidole vikafika juu bila kuomba ruhusa. (Kweli, kichwa chake hupenda kuinama. Mkanda mpana hukitia adabu.)

Watasema udi hauna mkato, na taarabu haijawahi kulalamika. Sawa, lakini udi hauna freti hata moja, na hupigwa mtu ameketi. Wengine watasema ustadi hushinda umbo. Basi mwenye ustadi huo na apande jukwaani Ngome Kongwe, kwenye tamasha la Sauti za Busara, na kilo nne za Les Paul begani, atuoneshe freti ya 20. Sie tupo barazani na kahawa yetu, tunamngoja.