Jumanne Mimi Ni Benki

Sina nyumba, sina kiwanja, na karatasi pekee yenye mhuri iliyomo ndani kwangu ni kadi ya kliniki ya mtoto. Hata hivyo kila Jumanne asubuhi mimi ni benki. Nawadhamini wanawake kumi na tisa wa mtaa wetu hapa Mbagala, wao wananidhamini mimi, na ukitukung'uta sote ishirini haidondoki hati ya nyumba hata moja. Tulichonacho ni kanga, maneno mengi na aibu. Shirika linalotukopesha lilivipima vyote vitatu, likaona kinachokamatika ni aibu.

Kwa asiyeyajua mambo ya mikopo ya kikundi, yanaanza hivi. Mnatafutana wanawake mnaojuana, mnajipa jina la kujitia moyo, mnachagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Kisha inatakiwa barua ya serikali ya mtaa, picha ndogo, kitambulisho cha NIDA na saini ya mume, ambaye anasaini huku akiuliza pikipiki siku hizi ni shilingi ngapi. Baada ya hapo mnaketi kwenye mafunzo. Tumefundishwa kulipa kwa wakati, kulipa kwa pamoja na kulipa hata ukiwa na msiba. Somo la kuuza halimo.

Halafu afisa mikopo anapita nyumba kwa nyumba kukagua mali. Huyu ni kijana wa rika la kifungua mimba wangu, kiatu kimechongoka mbele, na anatuita "mama zangu" siku ya kukopesha na "nyie wanakikundi" siku ya marejesho. Anaandika kila anachokiona: kabati la vyombo, godoro, jiko la gesi, feni. Kuna runinga moja ya inchi 32 iliyowadhamini wanawake watatu wa kikundi chetu ndani ya wiki moja, kila nyumba ikiitandikia kitambaa chake. Kijana aliiandika mara tatu na hakuuliza. Sote tulielewana kwamba runinga ni ya kujazia fomu. Dhamana ya kweli ni kwamba mimi najua mama wa vitumbua anapokaa, anaposali na shule wanayosoma wanawe, na akijifungia ndani najua dirisha la kugonga.

Sasa mkopo wenyewe. Chukua laki tano. Riba, kijana anasema, ni asilimia 20 tu kwa miezi sita. Laki tano na laki moja ni laki sita, gawa kwa wiki 24, unapata shilingi 25,000 kila Jumanne. Hesabu nyepesi, na ndiyo maana haishtui mtu. Lakini hiyo laki tano haikai kwangu miezi sita. Wiki ya kwanza tu nimeshaanza kuirudisha, na ikifika wiki ya 12 nimebaki na nusu yake, ila riba nailipia nzima, kama mpangaji aliyerudisha chumba kimoja kati ya viwili na kodi ikabaki ya viwili. Hapo sijataja akiba ya lazima, pesa ya fomu na bima, vinavyokatwa kabla hela haijanifikia mkononi. Natia saini laki tano, naondoka na laki nne na kitu, na hicho "kitu" kinaishia kwenye nauli.

Jumanne yenyewe tunakutana saa mbili asubuhi barazani kwa mwenyekiti. Nimefunga biashara, na wateja wangu wa sukari wote wanahamia kwa Mangi wa kona ya juu, ambaye hana kikundi, hana mwenyekiti na sijawahi kumwona akipigwa faini ya kuchelewa. Sheria ni moja: haondoki mtu mpaka rejesho litimie. Watu kumi na tisa wamelipa, mmoja simu yake haipatikani. Wanatumwa wajumbe wawili kumtafuta. Wanarudi wanasema mlango umefungwa kwa nje lakini sufuria inasikika inachemka. Safari nyingine tulimfuata mdaiwa wetu hadi mnadani, tukamkuta anauza madera, biashara imechangamka kweli kweli, amezungukwa na wateja mpaka ikabidi tupange foleni ili tumdai. Na asipopatikana kabisa, tunachangishana elfu moja na mia tatu na ushee kila mmoja, kijana anahesabu, anasema ahsanteni wanakikundi, anapanda bodaboda. Tunaobaki pale kununiana ni sisi.

Ndiyo maana mtu yuko radhi afe kuliko kupungukiwa mbele za wenzake. Mwenzetu mmoja akiona Jumanne inakuja na mfuko mtupu, Jumatatu usiku anapita kwa mkopeshaji wa kausha damu, ili asubuhi akae nasi akiwa na heshima yake. Kwenye vitabu vya shirika huyo ni mlipaji bora. Wanasema wanawake tunalipa vizuri kuliko wanaume, na wakisema hivyo wanatupigia makofi. Mwanaume akidaiwa anakwenda Morogoro kutafuta maisha. Mimi nikienda Morogoro, nani atawapokea watoto saa nane?

Hayo yote nayavumilia. Ninaloshindwa kulimeza ni hili la mpinzani wangu.

Mimi nauza unga, sukari, mchele, mafuta ya kupima na dagaa. Mzunguko wa kwanza, ukimtoa Mangi, nilikuwa peke yangu mtaa huu, na mkopo ulinifaa, sisemi uongo. Badala ya kuokoteza sukari kilo tano tano kwenye duka la mtu, nilianza kuchukua mfuko wa kilo 50 Kariakoo kwa bei ya jumla, na ile tofauti ya bei ndiyo iliyonunua sare za shule na kulipa kodi ya chumba. Wenzangu wakaona. Mzunguko wa pili, mwanakikundi mwenzangu, nyumba ya tatu kutoka kwangu, alipoulizwa atafanya biashara gani, alinitazama mimi usoni, akamjibu afisa: unga, sukari, mchele, mafuta ya kupima na dagaa. Kijana akaandika. Kisha akanisogezea fomu nisaini udhamini. Nikasaini, maana nisiposaini kikundi hakijakamilika, na kikundi kisipokamilika mkopo wangu nao hautoki.

Nisaidie kupiga hesabu. Mwenzangu akiuza sana, wateja anaowauzia ni wangu. Asipouza, deni analodaiwa ni langu. Nikiamka alfajiri sijui nimwombee dua gani. Nikimwombea heri, dagaa wangu wanaota ukungu. Nikimwombea shari, Jumanne nachangishwa. Mwanzo wa wiki nachungulia genge lake kuliko langu, na kuna Jumatatu nilimwambia mteja aliyetaka robo ya sukari aende nyumba ya tatu, kwa sababu nilishamwona mwenzangu ameshika shavu. Mteja aliniuliza kama naumwa.

Mpwa wangu anasoma uchumi chuo kikuu, na kila akija kazi yake ni kula ubwabwa na kunieleza shida zangu zimetoka wapi. Anasema zimetoka Bangladesh. Mwaka 1976 mwalimu wa uchumi aitwaye Muhammad Yunus aliwakopesha watu 42 wa kijiji cha Jobra jumla ya dola 27, tena pesa ya mfukoni mwake. Mambo yakakua, mwaka 1983 Grameen Bank ikawa benki kamili, wakopaji wakiwa vikundi vya watu watano watano, na baadaye karibu wote wakawa wanawake. Mwaka 2006 Yunus na benki yake wakapewa Tuzo ya Nobel. Ya uchumi? Hapana, ya amani! Waliompa hawajawahi kukaa barazani kwetu rejesho likiwa limepungua.

Nikamuuliza kama huko Bangladesh bado wanafungana kamba hivi. Akasema Grameen wenyewe waliupanga upya mfumo wao mwanzoni mwa miaka ya 2000, deni la mtu likabaki la mtu. Akaongeza ya Ufilipino: wachumi wawili, Xavier Giné na Dean Karlan, walifuatilia vikundi vya wakopaji wa benki moja kisiwani Leyte, ambavyo baadhi yake vilifutiwa udhamini wa pamoja. Watu waliendelea kukutana kila wiki, kila mmoja na lake. Ulipaji haukushuka. Nilinyamaza, na kwa muda niliokaa kimya mpwa wangu alishajipakulia sahani nyingine. Madirisha yote niliyogonga mtaa huu, kumbe watu wangelipa tu.

Na si kwamba sisi hatuwezi kuwa benki. Jumamosi tunakuwa benki tena, wanawake wale wale, baraza ile ile, na haituumi. Hicho ni kikoba. Tunanunua hisa, tunakopeshana, tunatozana riba, tunapigana faini ya kuchelewa na faini ya simu kuita, na mwisho wa mwaka tunavunja sanduku na kugawana. Riba niliyolipa mwenyewe inanirudia mkononi. Mpwa wangu ana jibu la hapo pia: anasema vikundi vya namna hii vilipangiwa utaratibu wake Niger mwaka 1991, kwa wanawake wa vijijini waliokuwa wakifanya kazi na shirika la CARE, na kwamba hapa kwetu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 imevitambua na kuvipa daraja la nne. Nimefurahi kuwa na daraja. Tatizo ni kwamba sanduku letu haliwezi kutoa laki tano tano kwa watu ishirini siku moja, na Ramadhani ikikaribia kila mtu anataka mzigo. Hapo ndipo tunaporudi kwa kiatu kilichochongoka.

Ziko pia fedha za halmashauri, asilimia 4 ya mapato ya ndani kwa ajili ya vikundi vya wanawake, na hazina riba. Zilisimamishwa mwaka 2023, zikarejeshwa 2024. Hizo zinataka kikundi kiwe na usajili, akaunti na katiba. Katiba yetu inaandikwa. Tumekwama kwenye kifungu cha nani alete chai.

Kwa hiyo Jumanne iliyopita, rejesho lilipotimia mapema kuliko kawaida, nilisimama nikasoma madai yangu. Kuchunguza tabia ya mkopaji: tunafanya sisi. Kukusanya madeni: sisi. Kufidia yaliyopotea: sisi. Ukumbi: baraza ya mwenyekiti. Kwenye benki za mjini kazi hizo zina watu wenye vitambulisho shingoni na mshahara tarehe 25. Nikaomba mshahara wetu ukatwe kwenye riba, nikaketi. Wanakikundi walipiga makofi, na mpinzani wangu ndiye aliyepiga kwa nguvu kuliko wote.

Kijana alinisikiliza kwa adabu. Akaniita mama yangu, jambo lililonitia wasiwasi, maana haikuwa siku ya kukopesha. Akasema hoja ni nzuri na ataifikisha makao makuu, ila makao makuu hawapokei hoja ya mtu mmoja. Niiandike, niipitishe serikali ya mtaa wapige mhuri, halafu nitafute wenzangu wanne wa kuidhamini.