Mafunzo ya Chai Kavu

Barua za mwezi huu zimetoka Mbeya na Iringa, na karibu zote zina kilio kimoja: watu wameitwa kwenye mafunzo kazini na hawataki kwenda. Nimezisoma moja moja nikitafuta neno "posho" limejificha wapi. Tusidanganyane, wanangu. Kwetu hakuna mafunzo yanayochukiwa. Kuna ya bahasha na kuna ya chai kavu. Itangazwe semina ya siku nne Morogoro kuhusu ufugaji wa samaki, kulala na nauli juu ya waandaaji, uone karani wa masijala atakavyogundua kwamba tangu utotoni alikuwa na mapenzi na sato. Lakini tangu mwishoni mwa 2015, serikali ilipoamuru semina zake ziache hoteli zirudi kwenye kumbi za ofisi, kiu ya elimu imepungua sana katika nchi hii. Haya, tuanze.

*Kamwene Shangazi. Ni mwalimu wa darasa la tatu, shule ya msingi huku Mufindi. Kila wiki baada ya vipindi tunakaa kwenye MEWAKA. Hakuna posho, hakuna soda, na mwezeshaji ni mwalimu mwenzangu ambaye asubuhi alikuja kuniomba chaki. Baridi ya Juni inauma, kila mtu kajitanda kitenge, tunapiga miayo kwa zamu. Nifanyeje nisisinzie? – Macho Mazito*

Kamwene, mwalimu wangu, na pole kwa baridi. Sasa nikuudhi kidogo: katika wote walioniandikia wewe ndiye mwenye bahati, na hujui. Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini yalipangwa yafanyike palepale shuleni ili walimu wafundishane wao kwa wao. Mada haihitaji kusafiri kutoka Dar es Salaam. Inaweza kutoka kwenye kabati lako. Nadhani nyie mnachofanya ni kumsikiliza mmoja akisoma moduli kwa sauti, na kwa mtu aliyesimama tangu saa moja na nusu asubuhi akipiga kelele mbele ya watoto themanini, hiyo ni bembea ya kulala.

Wiki ijayo usiende mikono mitupu. Beba madaftari machache ya hisabati na utafute swali kama hili: 62 toa 38. Sitashangaa ukiwakuta watoto walioandika 36. Mwalimu aliyechoka anaweka mkasi mwekundu, anaandika "zingatia", anafungua daftari linalofuata. Wewe tulia hapo. Mtoto ameona 2 na 8, akatoa ndogo kwenye kubwa, akapata 6. Akaona 6 na 3, akapata 3. Hakubahatisha wala hakutazamia kwa jirani. Ana kanuni yake na anaifuata kwa uaminifu kuliko wewe unavyofuata andalio la somo. Mpe 81 toa 47, atakuletea 46, na utakuwa umeshalijua jibu lake kabla hajanyanyua kalamu.

Liweke daftari hilo mezani uwaulize wenzako: huyu tumfanyeje? Wa darasa la pili huenda akasema yeye hutumia vijiti vilivyofungwa kumi kumi, kifungu kinafunguliwa mbele ya mtoto aone moja zilikotoka. Wa darasa la tano atakiri kwa sauti ya chini kwamba wake bado wanalo kosa hilohilo. Hapo hakuna atakayepiga miayo, na mkizoea, mwezeshaji mwenyewe atashukuru kuondolewa mzigo wa kusoma kurasa.

Kuhusu soda, si lazima iwepo ndipo watu wajifunze: mwaka 1973 nchi hii ilifanya kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikaa kwa vikundi kuizunguka redio, kiongozi wa kikundi akiwa jirani yao tu, wakasikiliza habari za malaria, kichocho na kuhara, wakajadiliana, kisha wakaenda kuchukua majembe. Vyoo vilichimbwa kwa mamia ya maelfu nchi nzima. Kama nyumbani kwenu kuna bibi aliye hai, muulize choo chao cha kwanza kilichimbwa lini. Akisahau mwaka, redio hataisahau.

*Shikamoo Shangazi. Nipo kitengo cha ununuzi, taasisi moja ya umma jijini Mbeya. Bosi ameniambia nimwakilishe kwenye mafunzo ya mfumo wa NeST, siku tatu. Mafunzo hayohayo yalipofanyika Dodoma alikwenda mwenyewe. Haya yapo ukumbi wa ofisi, mtaa wa pili kutoka kwangu. Nimeshahudhuria huko nyuma na sikumbuki kitu. – Mwakilishi wa Kudumu, Sisimba*

Marahaba, mwanangu. Bosi wako anaijua jiografia vizuri: Dodoma mtu analala, Sisimba mtu anarudi kwake kwa miguu. Hilo siwezi kulitibu.

Ninaloweza kulitibu ni kusahau. Unasahau kwa sababu ulikaa ukamtazama mtu mwingine akibofya, ukaandika kwenye daftari "bofya hapa", na sasa hujui hapa ni wapi. NeST ilishachukua nafasi ya mfumo wa zamani, TANePS, mwaka 2023, na Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka huohuo inaelekeza manunuzi yapite kwenye mfumo. Haitaondoka kwa wewe kusinzia. Basi leo jioni fungua akaunti yako, chagua zabuni moja iliyokukwama, upige picha ukurasa wenyewe pamoja na ule ujumbe mwekundu. Hilo ndilo somo lako la siku tatu. Mengine yote ni ya washiriki wengine.

Kesho wahi, uchague kiti. Watu watakwambia kaa mbele; mimi nakwambia kaa penye soketi. Uwe na bando lako pia, maana intaneti ya ukumbi watu wote wakiingia kwa pamoja inagoma. Mkianza kuandika matarajio kwenye bangokitita, wenzako wataandika "kuongeza ujuzi". Wewe andika tatizo lako kama lilivyo, kwa maneno ya ule ujumbe mwekundu. Mwezeshaji akilisoma mbele ya watu amekwama nalo hadi siku ya kufunga. Ukifika wakati wa makofi ya kilo, piga kwa nguvu. Kujitia msomi hakukusaidii kitu.

Na chai, mwanangu! Chai ndiyo kipindi kikuu na haimo kwenye ratiba kwa jina hilo. Wenzako wakikimbilia maandazi, mfuate mwezeshaji ukiwa na kompyuta yako iliyo wazi. Mtu yuleyule aliyekuwa akisoma slaidi kama tangazo la msiba, ukimwonyesha zabuni halisi iliyokwama macho yanamng'aa. Atakaa chini, atauliza uliweka tarehe ipi, atakuta kosa la dakika mbili lililokula wiki yako. Muombe namba ya simu hapohapo. Cheti kitakaa kwenye faili. Namba hiyo utaipiga siku ya kufunga zabuni saa kumi kasoro, na bosi wako akiwa amesimama nyuma ya kiti chako.

*Mimi mhudumu wa hoteli Iringa mjini, wageni wengi wanapita kwetu kwenda Ruaha. Ameletwa mtaalamu kutufundisha kutabasamu. Siku nzima! – Meno Nje, Gangilonga*

Pole, mashavu yatauma. Muulize mambo ambayo slaidi zake zimeyaruka. Mgeni akisema nyama ngumu, na mpishi ni shemeji wa meneja, nani anaomba radhi? Gari la Ruaha linaondoka saa kumi na moja alfajiri, nani anafungua jiko, na analipwa ziada? Ulizeni mkiwa wote na meneja yumo chumbani. Yakipatiwa majibu, mtatabasamu bila kufundishwa.

*Shangazi, mimi fundi wa kuchomelea hapa Mbalizi. Miaka yote cheche nazizima kwa mchanga na buti. Mwajiri ametuletea mafunzo ya zimamoto na huduma ya kwanza, tena Jumamosi, siku ninayotengeneza mageti ya watu wangu. Nipe uongo mzuri. – Buti la Chuma*

Sikupi, na hapa utani naweka pembeni. Barabara inayopita hapo kwenu ndiyo inayopeleka mafuta Tunduma, Zambia na Kongo, na mteremko wa Mbalizi unaujua kuliko mimi. Agosti 2019 pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota, likalipuka. Walikufa zaidi ya watu 100. Wewe unashika moto kila siku, watu watakutazama wewe. Ujue la kuwaambia: wakae mbali, ndoo zirudi nyumbani.

Halafu yapo ya gereji yenyewe. Mtungi wa kuzimia moto unaoning'inia ukutani kwenu, umewahi kuutazama mshale wake? Ukiwa kwenye kijani, sawa. Ukiwa kwenye nyekundu, hilo ni pambo. Pini inachomolewa kabla ya kubana, na unalenga chini moto unakoanzia, unapeleka huku na huku. Wengi hupuliza juu kwenye ndimi na mtungi unaisha moto ukiwaangalia. Moto wa umeme au wa mafuta usiumwagie maji. Mwenzako akiungua, ndiyo maji yatumike: safi, ya baridi, yanayotiririka, dakika 20 bila kuchoka. Hakuna dawa ya meno, hakuna mafuta ya kula, hakuna yai. Usikubali kuonyeshwa tu; dai ubane mtungi kwa mkono wako, na umfunge bandeji mwenzako mpaka mkufunzi aridhike.

La Jumamosi una hoja. Mwambie mwajiri, kwa adabu, kwamba mafunzo ya kazi yafanyike saa za kazi, Ijumaa inafaa. Akikufanya uone ni hisani, mkumbushe kwamba Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ipo tangu 2003. Mageti yatasubiri.

*Mimi ni meneja. Nawapeleka vijana kwenye mafunzo, wanarudi na vyeti, kazi ileile. Nifanye nini? – Mlipaji, Uyole*

Wakirudi unawauliza nini, baba? Nahisi swali la kwanza ni "risiti ziko wapi?" Wanakuletea ulichowauliza. Jaribu kuwauliza kabla hawajaondoka: kitu gani hapa kinatusumbua ambacho ungependa urudi na dawa yake? Wakirudi wape nusu saa Jumatatu wawaonyeshe wenzao kwa vitendo, na wewe ukae chini usikilize, simu mfukoni. Kijana akisema utaratibu wa stoo ubadilike, badilisha kitu kimoja wiki hiyohiyo hata kama ni kidogo. Asipoona kitu kimebadilika, safari ijayo atakwenda kwa ajili ya chakula cha mchana, na mimi nitamtetea. Tena kama unao wafanyakazi kumi au zaidi, SDL, ile tozo ya kuendeleza ujuzi, unailipa TRA kila mwezi utake usitake. Hela ya mafunzo imeshakutoka mfukoni. Umebaki uchungu wa kusikiliza tu.

*Shangazi, mimi maneno sina mengi. Nitafutie semina yenye posho, mada yoyote. – Nipo Tayari, Mwanjelwa*

Foleni ni ndefu kuliko ya malori Tunduma, mwanangu, na mimi nimekutangulia.