Kiti cha Kapibara: Nani Akikalie Karagwe na Kyerwa?

Mpwa wangu alinisogezea simu. Pichani kulikuwa na mnyama kama panya aliyekua akasahau kusimama. Amejilaza ukingoni mwa maji, macho nusu, ndege mgongoni, kobe ubavuni, na hakuna anayemdai mwenzake kitu.

"Mjomba, huyu ni kapibara. Kila mnyama ni rafiki yake. Sisi huku tunaye nani wa hivyo?"

Tulikuwa Omurushaka, wilayani Karagwe, barazani kwa mzee mmoja mfugaji, tunatafuna kahawa aliyotukaribishia. Mzee alivaa miwani, akaitazama picha kwa muda, akairudisha simu.

"Huyo si rafiki. Huyo ni kiti."

Hapo ndipo ubishi ulipoanza. Kwa asiyemjua, kapibara ni mwenyeji wa Amerika Kusini, mkubwa kuliko wagugunaji wote duniani. Mzima wake hufika kilo 50 na kupita. Anakula majani, anaogelea kwa vidole vyenye utando, na anaishi na wenzake kumi hadi ishirini bila mwenyekiti wa kitongoji. Japani, kwenye bustani ya wanyama ya Izu, wakati wa baridi huandaliwa bwawa la maji ya moto lenye machungwa yanayoelea. Desturi hiyo imeendelea tangu 1982. Maji ya moto ya bure tangu 1982! Nani angekuwa na hasira?

Tukaunda kamati ya watu watatu. Masharti ya kugombea kiti: mgombea awe anapatikana Karagwe au Kyerwa, awe anavumilia majirani, na asiwe na kesi ya mauaji. Sharti la tatu lilitupunguzia majina mengi sana. Haya ndiyo matokeo, tukianzia mkiani.

8. Ndezi: damu ipo, adabu haipo

Kama kiti kingekuwa cha kurithi, tungefunga kikao hapa hapa. Kapibara, ndezi na nungunungu ni wa tawi moja katika ukoo wa wagugunaji, ingawa bahari nzima imewatenganisha. Lakini ndezi wetu anaishi amejificha kwenye matete na miwa, anatoka usiku, na ukimsogelea anapiga mluzi, anagonga chini kwa mguu wa nyuma, kisha unabaki na majani yanayotikisika.

Mpwa alimtetea: "Mjomba, na wewe nyama yako ingekuwa tamu hivyo, ungekuwa unasimama kusalimia watu?" Hoja nzito, ila haikumwokoa. Kapibara naye analiwa. Venezuela wanamla hata wakati wa Kwaresima, eti kwa kuwa anaogelea basi ni jamaa ya samaki. Na bado anasalimia.

7. Kiboko: barua nzuri, usaili mbaya

Mto Kagera umezizunguka wilaya hizi: ng'ambo moja Rwanda, na ukifika Murongo ng'ambo ni Uganda. Kiboko yumo. Mtazame kutoka kilimani: mnene, mtulivu, macho na masikio juu ya maji, ndege mgongoni. Anakula majani. Kwa barua ya maombi hakuna aliyemkaribia, na mpwa alikuwa tayari kumpa kiti bila kumhoji.

Mzee akauliza swali moja tu: "Umewahi kukutana naye alfajiri, wewe ukiwa katikati yake na maji?"

Kamati ikahamia kwa mgombea mwingine. Hata udugu hana. Jamaa zake wa karibu zaidi walio hai ni nyangumi. Akagombee huko baharini.

6. Nyani na pongo: urafiki wa mkataba

Hawa walikuja wawili kwa fomu moja. Nyani yuko juu ya mti, anakula tunda nusu na kutupa nusu. Pongo yuko chini, anaokota. Nyani akimwona chui anapiga kelele, pongo anasikia. Safi kabisa. Tatizo ni kwamba siku nyani akiamka vibaya, mtoto wa swala naye huhesabiwa kuwa tunda. Na mwenye shamba la mahindi jirani na hifadhi hakuhitajika kutoa ushahidi, tulishamsikia akifukuza.

5. Nzohe: mpole kupita kiasi

Huyu ndiye swala wa matope. Kwato zake ni ndefu na hupanuka ili asizame kwenye mafunjo, manyoya yake hayapitishi maji kirahisi, na akiona hatari haendi mbali. Anajizamisha taratibu mpaka ibaki pua tu juu ya maji, kama mtu aliyemwona mdai wake sokoni. Kwa maisha ya majini hakuna hapa anayefanana na kapibara kuliko yeye.

Tena ana cheti cha nyumbani. Msafiri Mwingereza John Hanning Speke alipofika Karagwe mwishoni mwa 1861, akapokelewa na Mfalme Rumanyika, alionyeshwa mnyama huyu, akaliandika jina kama sikio lake lilivyolipata: nzoé. Mwaka 1863 kitabu chake kikatoka, na wanasayansi wakamwandika swala huyo *Tragelaphus spekii*. Wanyambo, wenyeji wa Karagwe, walikuwa na jina lake siku zote, lakini vitabuni akawa wa Speke. Unakuja kutembea, unakula, unalala, unaondoka na swala wa watu.

(Tukiwa hapo: kwenye makao ya Rumanyika wake wa wakubwa walinenepeshwa kwa maziwa, na unene ulikuwa heshima. Kapibara angepewa mkeka wa mbele. Speke yeye alichukua vipimo vya shemeji wa mfalme, akaviandika kitabuni kiungo kwa kiungo. Na mwenyeji wake akaendelea kumkirimu! Hata mwenzake Grant, aliyekuwa mgonjwa wa mguu, alibaki akiuguzwa Karagwe kwa miezi kadhaa baada ya Speke kuondoka Januari 1862. Mpwa alitaka Rumanyika mwenyewe aingizwe kwenye orodha. Tukamwambia yeye ana hifadhi nzima kwa jina lake, Rumanyika-Karagwe, iliyopandishwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2019 pamoja na jirani yake Ibanda-Kyerwa. Inatosha.)

Kilichomwangusha nzohe ni kwamba anapenda amani hadi anaikimbia jamii. Mpole asiyeonekana utamkalia vipi?

4. Shashi: daktari anayeonja dawa

Wengine humwita askari wa kifaru. Anatembea juu ya nyati na ng'ombe kama fundi juu ya paa, anadonoa kupe sikioni, puani, chini ya mkia, mahali ambapo rafiki wa kawaida hafiki. Mkoa huu unaijua ndigana kali na unajua kupe anagharimu nini, kwa hiyo ndege wa namna hii angestahili mshahara.

Lakini shashi anapenda damu. Kupe anamla kwa kuwa kupe ana damu ndani, na kupe wakiisha hachoki kuchokonoa kidonda ili kisipone. "Kama yule fundi wa pikipiki," nikasema, "anayekaza nati moja na kulegeza nyingine." Mzee aliongeza kwamba josho halinywi damu ya mtu. Kura tatu kwa tatu, nafasi ya nne.

3. Mlembe: dalali wa asali

Hapa tulitoka kwenye urafiki wa mnyama na mnyama, tukaja kwa binadamu. Mlembe, ndege mdogo mwenye rangi ya kusahaulika, anakujia mwenyewe. Anapiga kelele juu ya tawi, anaruka mbele, anageuka kuona kama unafuata, mpaka kwenye mzinga wa nyuki wa porini. Wewe unatoa moshi na shoka, unachukua asali. Yeye anapata nta, ambayo tumbo lake linaiweza. Wahadzabe wa Eyasi wanamwita kwa mluzi. Kule Niassa, Msumbiji, Wayao wana mlio wao maalumu, na utafiti uliotoka mwaka 2016 ulionyesha kwamba ukiutumia mlio huo, nafasi ya kuipata asali huongezeka zaidi ya mara tatu. Ndege wa porini, hajafugwa, hajafungwa kamba, na mnaelewana kwa maneno. Kapibara hajawahi kumpeleka mtu popote.

Mpwa alishaanza kupiga makofi, ikabidi nimweleze upande wa pili. Mlembe hutaga kwenye kiota cha ndege mwingine, na kifaranga chake huanguliwa kikiwa na ncha kali mdomoni, nacho huwaua watoto wa mwenye nyumba kabla hakijafumbua macho.

"Sharti la tatu, mjomba."

Tulibishana. Mimi nilisema kosa la utotoni halihesabiwi. Akabaki wa tatu, kwa rufaa.

2. Yangeyange: aliyevuka bahari kumfuata kapibara

Kila mtu amemwona: mweupe, shingo imekunjwa, anatembea hatua mbili nyuma ya kwato kama mtoto anayefuata lori la miwa. Ng'ombe anakanyaga, panzi wanaruka, yeye anaokota. Akifuata ng'ombe hupata wadudu wengi zaidi kwa hatua chache kuliko akitafuta peke yake. Hajeruhi, hadai, na akichoka anapanda mgongoni. Hata Bweranyange, yalikokuwa makao ya wafalme wa Karagwe, ukilisikiliza jina utasikia ndani yake enyange, yangeyange kwa Kinyambo.

Sasa sikia hili, maana ndilo lililonyamazisha baraza. Zamani Amerika Kusini haikuwa na yangeyange hawa. Katika miaka ya 1870 na 1880 walianza kuonekana huko upande wa Guyana na Suriname, na maelezo yanayokubalika ni kwamba waliruka wenyewe kutoka Afrika, upepo ukawasukuma juu ya Atlantiki. Bila viza, bila wakala, bila kuuza shamba la mtu. Walipofika walitafuta mnyama mnene anayekula majani taratibu na asiye na neno na mtu. Leo huko Brazili na Venezuela utawakuta nyuma ya ng'ombe, na nyuma ya kapibara.

Tukairudia ile picha. Mpwa akaikuza kwa vidole viwili. Ndege mgongoni: mweupe, shingo imekunjwa.

"Kumbe ni wa kwetu!"

"Ndiyo maana nikasema huyo ni kiti," mzee akajibu. "Aliyekaa ndiye anajua kwa nini amekaa."

Kwa haki yote yangeyange alistahili ushindi. Alikosa kwa jambo moja la kikatiba: tulikuwa tunatafuta anayekaliwa, naye ni mkaaji.

1. Ng'ombe wa Ankole: bingwa asiyejua kuwa ameshindana

Fikiria umepewa kichwani mikuki miwili, kila mmoja unakaribia mita au kuipita. Mimi ningekuwa nimeshagombana na mtaa mzima. Ng'ombe huyu amezivaa pembe hizo maisha yake yote, na anayemwongoza ni mtoto wa darasa la nne mwenye fimbo nyembamba. Ndani zina mishipa ya damu ambayo humsaidia kupoza mwili wakati wa jua. Kwa hiyo silaha inayotisha kuliko zote Karagwe, kwa sehemu kubwa ni feni.

Na orodha yote ya leo inamzunguka yeye. Yangeyange yuko miguuni, kupe yuko sikioni, kuku wa jirani wanachakura samadi yake, migomba inanenepa kwa samadi hiyo hiyo, mtoto wa mwenye zizi amelala ubavuni mwa ndama. Wafugaji humwita kwa rangi yake: bihogo, yule wa wekundu uliokolea, anageuza kichwa ukitamka. Kapibara wa simuni anaitwa kapibara, basi.

Hapa ng'ombe walipendwa hadi wakafuliwa kwa chuma na shaba. Msafiri Stanley alipopita kwa Rumanyika mwaka 1876 alionyeshwa hazina ya mfalme, na kati ya vitu alivyoviorodhesha kuna bata wa shaba wenye mabawa, na ng'ombe wa shaba wasio na vichwa. Nililiwaza hilo muda mrefu. Bata kapewa mpaka mabawa, ng'ombe wa Karagwe anyimwe kichwa? Mzee alikuwa na jibu lake: fundi alifika kwenye pembe, akaona shaba haitatosha.

Kama miaka kumi na mitano baadaye, mwanzoni mwa miaka ya 1890, sotoka, ugonjwa wa ng'ombe, ilipita ikafagia mazizi ya ukanda huu wote, na pamoja na ng'ombe ikaanguka heshima ya nyumba nyingi. Mzee alisimuliwa na babu yake. Alilisema hilo kwa sentensi moja, akachukua punje nyingine ya kahawa, nasi tukatafuna kimya.

Jioni tulipotoka barazani, kundi lilikuwa linavuka barabara. Bodaboda watatu wamezima pikipiki, lori la ndizi limesimama, hakuna aliyepiga honi. Katikati ya lami jike mmoja alisimama kabisa, pembe zimechukua njia zote mbili, yangeyange mgongoni, anacheua. Mpwa akakimbia kumpiga picha. Ng'ombe akamtazama, akaendelea kucheua.

"Mjomba, hii nikiiweka, watasahau kapibara!"

Mzee alikuwa bado ameshika miwani mkononi.

"Mjukuu wangu, kabla hujaweka, niambie. Huyo mwingine anakamuliwa?"